Atieno, gari lisiende ziwani Jumamosi

Lanet, Nakuru
Jumatano jioni

Dada Atieno,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Felix na watoto. Huku tu wazima, mvua imekatika na vumbi limerudi. Hongera tena kwa gari! Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara tatu, na nimeona nikuandikie kwa kirefu kuliko kujibu kwa mstari mmoja. Unasema Jumamosi Ouma atalipeleka ziwani hapo Kisumu likaoshwe, kisha viti atavipaka rangi ya viatu ving'ae. Nakusihi, lisiende. Mwambie Ouma asubiri umalize kusoma.

Kinachong'aa kwenye boneti lako ni vanishi angavu iliyopakwa juu ya rangi, ile mafundi wa kupuliza rangi huiita klia. Unene wake ukitoka kiwandani ni kama maikroni 40 au 50 (maikroni elfu moja ndizo milimita moja), na unywele mmoja wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Klia ndiyo inayozuia jua lisiile rangi. Ikikwaruzwa, njia ya kuirudisha ni kuipunguza kwa polishi mpaka iwe sawa na kina cha mkwaruzo, kwa hivyo kila ukirekebisha unazidi kuikondesha. Siku ikiisha inabambuka kwenye paa na boneti kama ngozi iliyoungua, na hapo huna budi kupuliza upya.

Mikwaruzo mingi huletwa na kuosha kwenyewe. Kitambaa cha waosha magari wa ziwani kilichosugua tairi za matatu asubuhi ndicho kitakachopanda boneti lako saa nne, na mchanga wake ndani. Leo usiku washa tochi ya simu, imulike kwenye mlango wa dereva. Ukiona vijistari vyembamba vimezunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo ni kazi ya mchanga na kitambaa. Kwa gari la buluu iliyoiva kama lako, vitaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Na sabuni ya unga, dada, iache kwa nguo. Ina magadi, inaondoa nta yote, inafubaza mipira ya madirisha, na chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Nunua shampuu ya magari, chupa moja itakukalia muda mrefu. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa, usizidishe ukidhani povu jingi ndilo usafi.

Ulioshe hapo nyumbani, asubuhi na mapema au baada ya saa kumi na moja jioni, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Juu ya bodi ya moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza. Tairi na rimu zitangulie, na ndoo yao na brashi yao, visiguse kingine chochote. Kisha mwagia gari zima maji mengi kabla ya kuligusa kwa mkono. Hapa watu wengi huharakisha, na ndipo mchanga mwingi ungeondoka bure. Andaa ndoo mbili, lita 10 kila moja, moja ya shampuu na nyingine ya maji matupu. Tumia glavu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu. Sponji ina uso bapa, inaburuta mchanga juu ya rangi, lakini nyuzi ndefu zinaumeza. Anza na paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, halafu umalizie chini na bampa. Pitisha mkono kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Kila upande mmoja ukiisha, suuza glavu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Utashangaa utakachokiona chini ya ndoo hiyo! Glavu ikianguka chini, basi, isiguse gari tena mpaka ifuliwe.

Maji ya mwisho ya kusuuza chota kwenye lile tangi lako la mvua. Maji ya kisima yana madini, yakikaukia juani yanaacha madoa meupe ya duara. Kama madoa yapo tayari, changanya siki nyeupe na maji sawa kwa sawa, weka dakika moja, suuza sana. Kaushia taulo kubwa la maikrofaiba, ulilaze na kulivuta taratibu. Taulo hizo zifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi na hazinywi maji tena.

Sasa vile vidudu vya ziwa, vinavyopanda jioni kama moshi. Ukipita navyo usiku, asubuhi uso wa gari umejaa. Usivisugue vikiwa vikavu! Rowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, kitandaze juu yake dakika 10, uongeze maji kikianza kukauka, vitaachia vyenyewe. Kinyesi cha kongoti na kunguru vivyo hivyo, na siku hiyo hiyo. Jua hulainisha klia, kinyesi kinakauka na kusinyaa kikiwa kimeing'ang'ania, kinaacha alama isiyotoka kwa maji. Na majivu ya miwa mkipita Muhoroni wakati wa kuchoma mashamba, yamwagie maji tu, kitambaa kikavu kisiyaguse.

Nta ndiyo itakayokupunguzia kazi yote hii. Gari likishakauka, ingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki wa mkate (ile mifuko ya kubebea vitu ilipigwa marufuku 2017) na upapase boneti. Plastiki inakuza mguso. Ukihisi kama msasa, uchafu umejishika, unahitaji ule udongo maalumu wa kusafishia rangi. Utelezeshe kwa maji ya shampuu, ukiukunja mara kwa mara ili upande safi uwe juu. Ukianguka chini, tupa. Halafu paka nta kivulini, kidogo kama sarafu ya shilingi 20 kwa nusu ya boneti, subiri iwe na ukungu, pitisha kidole. Kidole kikiacha njia safi, futa. Ikiburutika, ngoja kidogo. Nta isiiguse ile plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, itabaki na weupe. Nta ya kanauba, ile itokanayo na majani ya mti, kwa jua la Kisumu irudie kila miezi miwili. Maji yakiacha kujikusanya matone na kuanza kutandaa, nta imeisha hata kama kalenda haijafika.

Viti. Ngozi ya magari mengi ina rangi na utando wa plastiki juu yake, kwa hivyo mafuta unayopaka hayaingii, yanakaa pale juu yakishika vumbi. Rangi ya viatu ni nta, kiyeyusho na rangi. Gari likipata joto inalainika, na sketi yako nyeupe ya kanisani ndiyo itakayoibeba. Mafuta ya kupikia na ya kujipakaa pia hapana. Ile dawa ya dashibodi inayoacha mng'aro usiipeleke kwenye viti, usukani wala pedali, inateleza.

Vuta vumbi kwanza, hasa kwenye mishono, maana mchanga hukata uzi kila mtu akikaa. Kisha dawa ya ngozi ya maji, uiweke kwenye brashi laini na si kwenye kiti, kwa sababu kama ngozi ina vitundu, maji yatazama kwenye sponji iliyo ndani ya kiti na kunuka. Zungusha povu polepole, kipande cha ukubwa wa sahani, futa mara moja kwa kitambaa chenye unyevu. Kinachofanya kiti cha dereva kiwe cheusi na kung'aa ni jasho na mafuta ya mwili. Ngozi safi huwa haing'ai, ina rangi iliyotulia. Kisha paka krimu ya kuilinda kila miezi mitatu, nyembamba. Ukitandika leso kuzuia jua, isiwe mpya, rangi yake itahamia kwenye kiti pamoja na jasho.

Kwa hiyo Ouma umwambie nini? Kwamba ziwani haendi, na kopo la rangi ya viatu arudishe.

Sasa nijibu. Bampa la nyuma lilipulizwa upya Mombasa, au rangi yake ni ile ya kiwandani? Jua likiwa saa kumi inafanana na milango? Viti vina vitundu? Vyote ni ngozi, au ubavuni ni ile ya kuiga? Unaegesha chini ya ule mwembe bado? Mashine ya Mama Rehema ya kuvuta vumbi inafanya kazi? Na udongo na nta, nikutumie kwa gari la Ijumaa au unapata hapo mjini? Nijibu kesho kabla ya saa sita, nipate kuwahi.

Wako,
Nafula