Babu alifika Burma, jalada lake lisahihishwe

Mhariri,

Ofisi niliyoiandikia kuhusu nishani ya marehemu babu yangu, askari wa King's African Rifles (jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) katika Vita vya Pili vya Dunia, imenijibu kwamba jalada lake la utumishi linaishia Ceylon (Sri Lanka ya leo). Kwa hiyo, wanasema, hastahili nishani ya Nyota ya Burma (Myanmar ya leo).

Ceylon walikwenda mazoezini tu! Kikosi chake kilikuwa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944 ilishuka Bonde la Kabaw, huko huko Burma, katikati ya mvua za monsuni, tope na malaria, ikauteka mji wa Kalewa Desemba. Nyota hiyo ni ya waliohudumu Burma kati ya Desemba 11, 1941 na Septemba 2, 1945. Sasa karani akiruka mstari mmoja, mjukuu ndiye aambiwe alete ushahidi?

Ushahidi wanao wenyewe. Shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, zilizohifadhiwa London zinaonyesha kikosi kilikuwa wapi na siku gani. Wazilinganishe na jalada, tena watumie namba ya askari, si jina, maana majina ya wazee wetu makarani waliyaandika walivyoyasikia.

Nishani yenyewe hata mnadani inapatikana (na za bandia zimejaa). Tunachodai ni jalada lisahihishwe na barua ya uthibitisho itumwe upesi. Shangazi yangu, mtoto pekee wa mzee aliyebaki, ameshazeeka naye.

Mjukuu wa askari,
Machakos