Saikloni ikitoa vumbi juu, ikague chini kwanza

Wateja wetu wengi hapa Nakuru hupiga simu wakiomba saikloni, yaani chombo cha kutenganisha vumbi na hewa, iliyo kubwa zaidi. Vumbi la kinu limetanda juu ya mabati, majirani wamechoka, na mwenye kinu ameshaamua kwamba aliyonayo ni ndogo. Mara nyingi si ndogo. Inavuja.

Ndani ya saikloni hamna kichujio. Hewa yenye vumbi huingia kwa ubavu, ikazunguka kwa kasi ikifuata ukuta, na chembe, kwa uzito wake, zikatupwa ukutani na kuteremka kwenye koni. Hewa ikifika chini hugeuka, ikapanda katikati na kutokea juu. Pale inapogeukia, kanieneo (msukumo wa hewa) huwa chini kuliko ya nje, hata kama feni ndiyo inayosukuma. Basi tundu dogo tu la huko chini hufyonza hewa, na hewa hiyo hulichukua vumbi lililokwisha kunaswa na kulipandisha tena.

Jaribu hivi: mashine ikinguruma, pitisha ukanda wa karatasi nyepesi kwenye viungo vya chini, mlango wa kusafishia na mahali gunia lilipofungwa. Ukivutwa ukanata, umepata tatizo. Usitumie kiberiti wala ubani, tafadhali. Vumbi la unga hulipuka.

Kwenye boila za makapi ya miwa, kama zile za ukanda wa Muhoroni na Chemelil, majivu huja na mchanga unaokula bati hadi litoboke. Kiraka kichomelewe kwa nje. Kikiwekwa ndani, ukingo wake huvuruga mzunguko.

Ikiwa hakuna panapovuja, hapo ndipo tunapima. Kasi ya hewa pale inapoingilia saikloni tunaitaka kati ya mita 15 na 25 kwa sekunde. Ukiweka saikloni kubwa kwa hewa ileile, kasi hushuka na vumbi laini hutoroka zaidi. Ukiizidisha kasi mara mbili, kanieneo ambayo feni hulazimika kuishinda kwenye saikloni huwa mara nne, na bili ya stima utaiona. Hewa ikiwa nyingi, sisi hupendelea ndogo mbili zinazogawana sawasawa.

Chembe za chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) nyingi hupita tu. Hizo zinahitaji vichujio vya mifuko baada ya saikloni, na tunakwambia kabla hujalipa chochote. Ukija, beba kilo moja ya vumbi lako kwenye mfuko mkavu, pamoja na picha ya kibao cha feni.