Kuhusu dawa ya kupuliza puani

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu zako zimenifikia, na picha ya kile kichupa cha kupuliza puani nimeitazama zaidi ya mara moja. Unauliza kama mdogo wako aache fluoksetini, vidonge vya sonona alivyovianza wiki tatu zilizopita, na kutumia hiyo oksitosini, kwa kuwa muuzaji anadai sonona ni upungufu wa peptaidi ubongoni. Muuzaji huyo ameokota nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Peptaidi za ubongoni, yaani nyuropeptaidi, ni vipande vifupi vya protini ambavyo seli za neva huvitumia kupelekeana taarifa. Oksitosini ina asidi amino (viungo vinavyojenga protini) 9 tu, nawe unaifahamu: ndiyo sindano ya pajani uliyochomwa mara tu ulipojifungua, ili damu isimwagike. Nyingine, CRF, yenye asidi amino 41, ilitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake huko California, kutoka kwenye bongo za kondoo. Hiyo ndiyo huamsha mwili wakati wa msongo: ikitoka haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, huichochea tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga kotisoli, homoni ya msongo. Mwaka 1984 Charles Nemeroff na wenzake walionyesha kuwa katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa sonona CRF ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Nyingi, Mwanaidi, si pungufu. Dawa za kuizuia zilitengenezwa, lakini zilipopimwa dhidi ya vidonge visivyo na dawa ndani hazikufua dafu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha dutu P, nyuropeptaidi nyingine, iliyogunduliwa mwaka 1931 na Ulf von Euler na John Gaddum. Mwaka 1998 ilitangazwa katika jarida la Science kwamba aprepitanti, dawa inayoziba kipokezi cha dutu hiyo, iliwapunguzia watu sonona takriban sawa na paroksetini, dawa ya sonona iliyokwisha zoeleka. Matumaini yalikuwa makubwa, ila majaribio mapana yaliyofuata hayakuyathibitisha, na mwaka 2003 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani kwa kazi nyingine kabisa: kuzuia kutapika kunakoletwa na tibakemikali. Juzi hapa dukani nilimhesabia mgonjwa wa saratani kapsuli zake 3, moja ya miligramu 125 na mbili za miligramu 80, nikawaza kwamba nimeshika mkononi dawa ya sonona iliyokosa kuwa.

Ugumu mwingine ni wa njia. Peptaidi ukiimeza, tumbo huimeng'enya kama kipande cha nyama. Ikiingia kwenye damu, ukuta unaoulinda ubongo huizuia kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana watu hukimbilia puani, ingawa kinachofika ubongoni kwa njia hiyo ni kidogo, na oksitosini haijathibitishwa kuwa tiba ya sonona.

Basi asiache vidonge vyake. Fluoksetini mara nyingi huhitaji wiki nne hadi sita kabla nafuu haijaonekana vizuri, na ikibidi kuiacha, daktari wake ndiye aamue. Kwa kuwa ana miaka 22 tu, wiki hizi za mwanzo mwangalieni kwa karibu. Akianza kuzungumzia kujidhuru, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Niandikie analalaje usiku, na kama sahani ya ugali sasa anaimaliza.

Wako,
Rehema