Wagonjwa wa moyo waelezwe kwa nini wanapewa dawa ya kupunguza mapigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo makala nyingi za afya hulipita juu juu. Ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi huelezwa karibu kila mara kwa mfano wa pampu: imechoka, haisukumi vya kutosha, basi itafutiwe kitu cha kuitia nguvu. Mfano huo unaeleweka upesi, lakini unampandikizia mgonjwa wazo litakalomdhuru siku atakapokabidhiwa dawa zake. Mimi ni mfamasia, na swali ninaloulizwa sana dirishani ni hili: "Daktari amesema moyo wangu ni dhaifu, mbona dawa hii imeandikwa kwamba inapunguza mapigo?" Huyo anayeuliza ana nafuu. Wapo wanaosoma kikaratasi cha maelezo nyumbani, wakaingiwa na hofu, wakaiacha dawa hiyo kimyakimya huku wakiendelea na nyingine.

Swali lao ni la haki, na jibu lake limo katika namna seli za moyo zinavyopokea amri na kuzitekeleza.

Seli moja ya msuli wa moyo ina urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kila pigo huanza pale kalsiamu kidogo inapoingia kupitia vijilango vya utando wake. Kiasi hicho kidogo huiamsha ghala iliyomo ndani ya seli, nayo humwaga kalsiamu nyingi zaidi, nyuzi za protini zikajikaza, kisha kalsiamu ikarudishwa ghalani ili seli ilegee. Yote hayo hukamilika kwa muda usiofika sekunde moja, na hurudiwa kama mara 100,000 kwa siku. Adrenalini au noradrenalini, kemikali ambazo mwili humwaga wakati wa dharura, inapofika, hushika vipokezi vya beta vilivyo juu ya utando, na ndani ya seli hutengenezwa molekuli ndogo ambayo wanasayansi huiita mjumbe wa pili. Earl Sutherland, aliyeigundua, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Mjumbe huyo huwasha kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini kadhaa kwa mkupuo: vijilango vinapitisha kalsiamu zaidi, ghala inajazwa haraka zaidi, moyo unapiga kwa kasi na kwa nguvu. Kwa mtu anayekimbia hatari, huo ni mpango mzuri kabisa, kwa sababu hatari ikipita amri nayo huzimwa.

Balaa huanza pale amri isipozimwa. Moyo ukishajeruhiwa, ama kwa mshtuko wa moyo ama kwa miaka mingi ya shinikizo la juu la damu, damu inayofika kwenye figo na viungo vingine hupungua, na mwili huisoma hali hiyo kama vile mtu amevuja damu. Hauna njia ya kujua kwamba kasoro iko moyoni kwenyewe. Kwa hiyo humwaga noradrenalini pamoja na homoni ziitwazo anjiotensini na aldosteroni, tena kwa miezi na miaka, wakati amri hizo ziliwekwa kwa ajili ya dharura ya muda mfupi.

Ningependa wasomaji wako waone kinachoipata seli katika kipindi hicho. Kwanza hujaribu kujikinga kwa kupunguza vipokezi vyake. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake walipima mioyo ya binadamu iliyokuwa imeshindwa kazi, wakakuta vipokezi vya beta vimepungua kwa karibu nusu. Kinga hiyo haitoshi. Ghala ya kalsiamu huanza kuvuja wakati seli ilipaswa kupumzika, na uvujaji huo unaweza kuzusha mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huua ghafla. Kalsiamu inayodumu ndani ya seli huwasha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, nacho hung'oa fosfeti kutoka kwenye protini fulani ambayo sasa huingia kwenye kiini na kuamsha jeni zilizokuwa zikitumika moyo ulipokuwa bado tumboni mwa mama. Seli hunenepa, ila unene huo si afya. Mitokondria zinazoitengenezea nishati huelemewa na kalsiamu pamoja na kemikali za oksijeni zenye kudhuru, utando wa mitokondria hizo hutoboka, na seli hupokea amri ya kufa. Pembeni yake, anjiotensini na aldosteroni huzichochea seli nyingine kutandaza nyuzi za kovu zisizojikaza kamwe.

Seli iliyokufa hairudishwi kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Olaf Bergmann na wenzake, ambao walikadiria umri wa seli kwa kutumia kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ulionyesha kwamba kijana wa miaka 25 huzalisha upya takriban asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 huzalisha chini ya nusu ya asilimia.

Madaktari wenyewe walichukua muda mrefu kukubali somo hili. Milrinoni ni dawa inayomwongeza yule mjumbe wa pili ndani ya seli, na moyo dhaifu hupiga kwa nguvu zaidi ukiipata. Lakini ilipojaribiwa kama vidonge vya kila siku kwa wagonjwa 1,088 walio katika hali mbaya, matokeo ya mwaka 1991 yalionyesha vifo vimeongezeka kwa asilimia 28. Miaka 16 kabla ya hapo, mwaka 1975, Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, walikuwa wamefanya kinyume chake: waliwapa wagonjwa 7 dawa za kuzuia vipokezi vya beta, nao wakapata nafuu. Wengi waliona jambo hilo ni la hatari. Ilipofika mwaka 1999 majaribio mawili makubwa, moja la bisoprololi na jingine la metoprololi, ambazo zote ni dawa za kuzuia vipokezi hivyo, yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 34 katika kila jaribio. Enalaprili, inayopunguza anjiotensini, ilikuwa imeokoa maisha katika jaribio la mwaka 1987, na spironolaktoni, inayozuia aldosteroni, ilifuata mwaka 1999. Dawa zote hizi zinafanana katika jambo moja: zinauondolea moyo amri zinazouchosha.

Kwa hiyo mgonjwa ambaye moyo wake umepoteza nguvu ya kusukuma anapopewa kizuia-beta, yaani dawa ya kuzuia vipokezi vya beta ambayo hupunguza mapigo, anawekewa kinga ya seli alizobaki nazo. Yapo masharti, na ni vizuri yaandikwe pia. Dawa huanzishwa kwa kipimo kidogo wakati hali imetulia na maji hayajajaa mwilini, kisha huongezwa polepole. Wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kujisikia mchovu zaidi, na hicho ndicho kipindi ambacho wengi huiacha. Mwenye pumu amwambie daktari mapema. Tena isikatishwe ghafla, kwa kuwa baada ya muda wa matibabu vipokezi huwa vimeongezeka tena, na kuviacha wazi mbele ya noradrenalini ni hatari kubwa.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako wa afya wanapoandika kuhusu ugonjwa huu waeleze pia kazi ya amri hizi, hata kwa aya mbili, na kwamba matangazo ya bidhaa zinazodaiwa "kuupa moyo nguvu" yapitiwe na mtaalamu kabla ya kuchapishwa. Kwa upande wetu, wafamasia na madaktari, tusimkabidhi mgonjwa kizuia-beta bila kumweleza kwa nini moyo dhaifu unapunguziwa mapigo, na bila kumtajia kwamba wiki za mwanzo zinaweza kuwa ngumu na kwamba akizidiwa arudi kwetu kabla ya kuiacha dawa.

Wako katika huduma,
Mfamasia na msomaji wa gazeti lako