Shangazi, rudisha ule mstari uliokata

Shikamoo Shangazi,

Kaunta buku lako la kumbukumbu za maisha yako nimelipata. Konda wa Kosta alinipigia simu kabla hata hawajaingia stendi ya Arusha, kama ulivyomwagiza, na bahasha ya kaki ilikuwa haijafunguliwa. Nimeanza kuchapa. Mwandiko wako bado ule ule wa mwalimu, sikupata shida ya kusoma, isipokuwa nimekwama kwenye ukurasa wa King'ori, kule mlikopelekwa mlipofukuzwa Ngare Nanyuki. Umeniruhusu nikujibu hadharani mradi nisitaje jina lako, na nimekubali kwa sababu najua kuna mashangazi na wajomba wengine huku Meru na huko Kilimanjaro wenye madaftari kama hilo uvunguni.

Kwenye ukurasa ule umekata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, lakini wino wa bluu chini yake unasomeka vizuri tu: "Usiku ule Baba alinichapa kwa fimbo ya kuchungia kwa sababu niliuliza tunarudi lini nyumbani." Pembeni umeandika: "Hii isiingie."

Mimi naomba iingie.

Habari ya Ngare Nanyuki kwa ujumla wake inajulikana. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu wachache wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa, watu wakaelekezwa King'ori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, akaenda New York kulieleza Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kusimama huko, naye wakili Earle Seaton, yule wa kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Moshi, akiishughulikia kesi. Ardhi haikurudi kwa kesi ile. Wawili hao wakaja kuandika kitabu, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Kwa hiyo, Shangazi, ukiniandikia kurasa kumi za mkoloni alifanya nini, utakuwa unarudia kazi ambayo waliokuwemo walishaifanya tena kwa nyaraka. Fimbo ya Babu, yaani baba yako, haimo kwenye nyaraka zao, wala haikutakiwa kuwemo. Mtu anayekwenda kudai haki hupeleka idadi ya kaya, ukubwa wa shamba, hasara iliyopatikana. Akisema wazazi walianza kuwachapa watoto kwa maswali, upande wa pili utamuuliza hilo linahusiana vipi na shauri lililo mezani.

Sisi wa Arusha tumeona jambo hilo kwa karibu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilipokuwa hapa hadi ilipofungwa mwisho wa 2015, mashahidi wengi walifichwa majina, wakaitwa kwa herufi tu. Waliulizwa ulikuwa umbali gani, palikuwa na mwanga kiasi gani, uliona kwa macho au ulisikia. Ni maswali ya lazima, mtu hafungwi kwa huzuni ya shahidi. Lakini akishatoka pale mtu huyo amebaki na maisha mazima ambayo hakuna wakili aliyeyauliza, na ndiyo maana baadhi ya manusura waliandika vitabu hata baada ya hukumu kutolewa. Aandikaye maisha yake anajiuliza mwenyewe, na hana wa kumwambia "jibu swali tu."

Najua unachokiogopa. Unaogopa Babu asionekane mkatili, na unamwogopa Baba Mdogo, ambaye mwaka 1951 hakuwa hata amezaliwa lakini ndiye mkali kuliko wote kwenye mambo ya historia ya ukoo. Unakumbuka tulivyosoma wasifu wa Babu msibani: alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto, akawa mzee wa kanisa, akaugua muda mfupi. Ngare Nanyuki haikutajwa kabisa. Watu walitikisa vichwa, tukaenda kaburini. Ndivyo tulivyozoea, na msibani sioni ubaya wake, maana jua ni kali na mchungaji ana ibada nyingine saa tisa. Ila kitabu si msiba. Babu wa kwenye ule wasifu sikumjua. Huyu wa kwenye mstari wako, mwanamume aliyekuwa na boma jana na leo hana jibu la kumpa binti yake, na kilichopo mkononi ni fimbo ya ng'ombe, huyo namwelewa, hata kama nilitamani asikuchape. Sitamchukia. Msomaji hatamchukia.

Na wewe mwenyewe una kasoro nyingine, nisamehe kwa kusema. Una haraka ya kushukuru. Ukurasa mmoja nyumba inaungua, ukurasa unaofuata "lakini Mungu ni mwema, tulivumilia." Sibishani na wema wa Mungu. Ila nataka kujua mlilala wapi usiku wa pili. Nani alikwenda kuchota maji, na kisima kilikuwa cha nani? Wenyeji wa King'ori waliwatazama vipi? Kuna mahali umeandika kwa nusu mstari tu kwamba Bibi aliuza beberu ili achangie safari ya Kirilo, kisha ukarukia habari ya shule. Shangazi! Mwanamke hana paa, anauza beberu, fedha anapeleka kwenye mchango wa nauli ya mtu anayekwenda ng'ambo kusema na mataifa. Hapo kaa ukurasa mzima. Aliuzia wapi? Babu alikubali? Ukinieleza hayo, neno "tulivumilia" unaweza hata kulifuta.

Usidhani pia nataka machozi matupu. Pale Tengeru, kwenye chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Wasovieti waliwang'oa kwao mwaka 1940 na 1941 wakawapeleka Siberia na Kazakhstan, wakaja kutoka kupitia Uajemi, na kuanzia 1942 wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakawekwa Tengeru karibu na ziwa Duluti. Wale watoto walipozeeka, baadhi yao waliandika kumbukumbu, na wengi wanaikumbuka Tengeru kwa furaha: vibanda vya mviringo, joto, shule, mlima. Baada ya baridi ile ya Siberia, Meru iliwaponya. Miaka michache baadaye, upande wa pili wa mlima huo huo, ninyi mnafukuzwa. Mtoto haoni historia nzima, anaona alipo. Kwa hiyo kama King'ori mlicheza, andika mlicheza. Ule wimbo mliomtungia askari mwenye kitambi, niliousikia ukiuimba jikoni, mbona haumo?

Kuhusu mvua: umeandika siku ile ilinyesha, na mama yake Eliya anasema palikuwa na vumbi tupu. Andika "nakumbuka mvua," halafu andika kwamba yeye anakumbuka vumbi. Muyaache yote mawili.

Jumamosi nakuja Moshi na kaunta buku jipya, kwire tatu, na kalamu za bluu. Ile nyekundu naomba uniachie mimi. Baba Mdogo nimeshamweleza, amesema atakupigia. Akianza kufoka, mwambie naye anunue daftari lake.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.