Maabara za chakula zitumie miale ya infraredi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie upimaji wa bakteria kwenye chakula. Mlipuko wa listeria, bakteria wanaoambukiza watu kupitia chakula, nchini Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, uliua zaidi ya watu 200, wakiwemo vichanga wengi. Ilichukua miezi kabla chanzo chake, soseji za poloni, hakijatangazwa Machi 2018.

Kwa njia ya kawaida, kuthibitisha salmonela au listeria huchukua siku kadhaa. Spektroskopia ya infraredi, yaani kupima jinsi kitu kinavyofyonza miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, hufupisha hatua ya utambuzi. Kiasi kidogo cha bakteria waliokwisha kuoteshwa na kutenganishwa hukaushwa na kumulikwa kwa miale hiyo. Mafuta, protini na sukari za seli zao hufyonza miale kwa namna ya pekee kwa kila aina ya bakteria, na mchoro unaopatikana hulinganishwa na hifadhi ya michoro ya bakteria wanaojulikana. Kazi ya dakika chache! Watafiti wa Taasisi ya Robert Koch, Berlin, waliieleza njia hii mwaka 1991.

Wanunuzi wa mashine za kazi hii wasidanganywe, lakini: kuotesha bado kupo, na hifadhi isiyo na bakteria wa nyama na maziwa yetu itatoa majibu ya kubahatisha. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko bei ya mashine, maana idara kadhaa za kemia vyuoni tayari wanazo. Wizara izikutanishe na maabara za mifugo, wakusanye bakteria kutoka machinjioni na vituo vya maziwa, na hifadhi hiyo iwe mali ya umma.

Msomaji wenu,
Morogoro