Barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya chemba

Ndugu Mhariri,

Hapa Ngamiani, Tanga, vijana wanaozibua chemba za majitaka hushuka na kandambili na barakoa ya kitambaa. Ile hewa inayonuka yai viza ni haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, na ikizidi hupumbaza pua: harufu ikikatika ghafla, fundi hudhani hatari imepita, kumbe ndiyo kwanza imekolea. Mwenzake akirukia kumwokoa, naye huanguka. Barakoa ile huzuia vumbi tu, tena kidogo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Wakaguzi waje na huku mitaani, wasiishie viwandani.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga